Pamba katika Suruali za Vijana

Shemeji yangu Athanase Paluku alikaa miaka kumi na moja katika kiwanja changu cha Lumumba, hapa Bunia, na miaka miwili ya kwanza sikuacha kumchunguza hata siku moja. Ninaanza na hilo ili msomaji asidhani kwamba nilimkaribisha kwa mikono miwili. Alifika mwaka wa 1977, miaka mitatu baada ya kifo cha mume wangu, akiwa na sanduku la bati, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na barua ya baba yao mdogo, muzee Léon wa Butembo. Barua ilisema kwamba nyumba ya ndugu yake ni nyumba yake. Mimi sikuwa nimeulizwa.

Mume wangu, Mbusa, alikuwa direkta wa shule ya msingi. Mimi nilisoma kwa masista, na nilifundisha darasa la tano na la sita kwa miaka ishirini na miwili. Katika mtaa wetu watu walikuwa wakisalimia mlango wetu hata kama hakuna mtu barazani. Kwa hiyo kila aliyeingia katika nyumba ile nilimtazama mara mbili, na Athanase nilimtazama zaidi, kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwa na mke. Hakufiwa, hakuachwa. Hakuwahi kuoa. Kwetu Wanande mwanaume wa namna hiyo watu humuuliza mara ya kwanza, wakamuuliza mara ya pili, halafu wanaacha kumuuliza na kuanza kujijibu wenyewe.

Karatasi ya serikali ilimwita Citoyen Paluku tu, yaani raia Paluku, maana wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Nyumbani nilimwita bwana shemeji, ingawa alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye aliniita Mama Viviane, kwa jina la binti yangu.

Nilimpa vyumba viwili vya nyumba ndogo ya nyuma. Katika kimoja alilala, kingine akakifanya mahali pa kushonea, na katikati yake akatundika pazia la bluu ambapo wateja walijaribia nguo. Kazi yake ilikuwa safi, siwezi kukataa. Alikuwa na desturi moja niliyoiona kwake tu: akishamaliza kumpima mtu, kabla ya kukata kitambaa, alimwambia atembee mpaka langoni na kurudi.

"Mutu akisimama anajidanganya," alisema. "Akitembea ndipo naona mwili yake."

Abacost, zile suti za kitaifa zisizovaliwa na tai, za maofisa wa serikali ya zone, suruali za walimu, makoti ya wafanyabiashara wa kwetu waliotoka Beni na Butembo, vyote vilipita mkononi mwake. Katika mwaka wa kwanza watu walikuja na vitambaa vyao wazi mkononi, wakaongea kwa sauti, wakacheka, wakaondoka. Hao sikuwa na neno nao.

Ni wale wengine walioniudhi. Walianza kuja mwanzoni mwa mwaka wa 1979. Vijana wa miaka ishirini, ishirini na mitano, wakubwa wenye kazi zao. Walikuja baada ya saa kumi jioni, mmoja mmoja, hawana kitambaa mkononi. Walipofika langoni waligeuka kutazama barabara kabla ya kuingia. Walinisalimia bila kunitazama usoni. Walikaa nyuma ya pazia nusu saa, wakati mwingine saa nzima, na cherehani haikulia hata kidogo. Baada ya siku chache walirudi kuchukua kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, kimefungwa vizuri mno kwa suruali ya kawaida.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Anayegeuka kutazama nyuma kabla ya kuingia mlangoni huwa anabeba kitu, au anakwenda kukichukua.

Mwaka huo huo binti yangu Viviane, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na kazi katika zahanati, alikuwa amechumbiwa na Hippolyte, mwalimu kijana wa familia ya wakulima wa Djugu. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wamekwisha kukubaliwa, padri alikuwa ameandika tarehe. Familia ya Hippolyte ilikuwa imechelewa sana kukubali kuoa kwa Wanande, na nilijua wanatafuta doa dogo tu la kuturudishia binti. Kama doa hilo lingetoka katika nyumba ndogo ya nyuma, mimi ndiye ningekuwa nimelikaribisha.

Jumamosi moja ya salongo, mtaa mzima ulipotoka kusafisha mitaro kwa amri ya serikali, Athanase alichukua jembe lake akaenda. Mimi niliingia chumbani mwake. Suruali tatu zilikuwa zimetundikwa nyuma ya pazia, zile za mtindo wa miaka ile, za kubana mapajani na kupanuka chini kama kengele. Nilizigeuza ndani nje. Zote tatu, pale mbele chini ya vifungo, zilikuwa na kitambaa cha pili kilichoshonwa kama kifuko, kipana kama kiganja, kwa mishono midogo ambayo ungedhani imepigwa na mtu asiyetaka ionekane. Nilibonyeza. Ndani mlikuwa na pamba.

Mtu wa mahali pengine asingeelewa mara moja. Mtu wa Bunia, wakati ule, alielewa. Barabara ya Kilo, kwenye machimbo, ilikuwa na vizuizi, na mtu kukamatwa na dhahabu bila karatasi ilikuwa jela. Watu waliificha katika visigino vya viatu, katika mikate, katika nywele za wanawake, katika nepi za watoto. Mahali pa mwisho ambapo askari angependa kuingiza mkono ni pale mbele ya suruali ya mwanaume mwenzake. Na pamba inazuia unga wa dhahabu usiteleze wala kulia. Nilikaa juu ya kiti cha cherehani. Ndiyo sababu hawaji na vitambaa, nikawaza. Ndiyo sababu wanageuka nyuma.

Sikungoja. Aliporudi na matope miguuni alinikuta nimesimama mlangoni mwake na suruali moja mkononi.

"Bwana shemeji, hii suruali ni ya nani?"

"Ya mutu."

"Mutu gani?"

"Wa miguu mbili, Mama Viviane. Suruali haina miguu tatu."

"Sicheki na weye. Na hii mufuko ya ndani?"

Aliliweka jembe chini polepole. Alichukua suruali kutoka mkononi mwangu, akaigeuza, akaikunja.

"Uliingia mu chumba yangu."

"Nilikuwa natafuta mukasi."

"Mukasi iko mu mufuko ya shati yangu. Iko humo kila siku, na weye unajua."

"Askari wakikuja leo, wakifumua hii, watakuta nini?"

"Pamba."

"Na kesho?"

"Kesho pia pamba."

"Pamba ya nini?"

Nilimwona anatafuta neno, halafu anaacha kulitafuta.

"Niliahidi," alisema.

"Uliahidi nani?"

"Nikikuambia nani, nitakuwa niliahidi nini?"

Jioni hiyo hiyo nilimwandikia muzee Léon barua ya kurasa mbili. Nilieleza vijana, pazia, vifuko na arusi ya Viviane. Nilimwomba aje na kuamua kwa jina la ukoo kama mtu huyu atabaki katika nyumba ya marehemu au atatoka. Nilijua maana ya kutoka. Mtu aliyefukuzwa na ukoo kwa neno la wizi hapokelewi Butembo, hapokelewi Beni, na hakuna anayempelekea kitambaa. Niliijua, na niliilamba bahasha.

Jibu lilikuja na dereva wa lori: watafika Ijumaa ya wiki ya pili, yeye na Vahwere, dada wa mume wangu, na baraza litakaa Jumapili baada ya misa.

Siku ya Alhamisi, kabla hawajafika, Hippolyte aliingia langoni mwangu saa kumi na nusu. Viviane alikuwa bado zahanati, naye alijua. Nilimwona kupitia dirisha la sebule. Alisimama, akageuka, akatazama barabara. Halafu akapita mbele ya mlango wangu bila kubisha, akaenda moja kwa moja nyuma.

Nilihisi kama mtu ameninyang'anya kitu mkononi. Mkwe wangu pia. Kwa hiyo doa halikuwa katika nyumba yangu peke yake, lilikuwa linakuja kumwoa binti yangu.

Chumba cha kushonea kilipakana na depo yangu ya maharagwe, na kati yake palikuwa na ukuta wa mbao tu. Niliingia depo nikasikiliza. Sitaandika kwamba nilikuwa napanga magunia. Na haya nitakayoyaeleza nimeruhusiwa na mwenyewe: mwaka jana, 1988, siku ya matanga ya Athanase, Hippolyte aliniambia mbele ya mke wake, "Mama, andika, na jina yangu usifiche." Bila neno hilo ningekufa nayo.

Nilisikia sauti yake kwanza.

"Papa Athanase, abacost iko muzuri sana. Lakini suruali... uniwekee kama ulivyomuwekea mwenzangu." Alitaja jina. Mimi silitaji.

"Yeye alikuambia?"

"Hapana. Siye tunacheza mu timu moja. Nilimuona akibadilisha nguo."

"Suruali ya arusi siwekei mutu pamba."

"Juu ya nini, Papa?"

"Sababu bibi arusi haolewi na suruali."

Nilitegemea Hippolyte acheke. Hakucheka. Nikaanza kuhesabu mbao. Dhahabu haikutajwa.

"Basi sioi," alisema.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Nasema sioi. Nitasema nimepata kazi mbali, Epulu, Kisangani, popote. Afazali Viviane anichukie kuliko anicheke."

"Akucheke nini?"

"Miye siko kama wengine." Sauti yake ilishuka mpaka nikaweka sikio kwenye mbao. "Tukishamaliza kucheza tunaoga ku mto, naona. Wote wananipita. Miye niko mudogo, Papa. Nimekunywa mizizi ya kila namna, nimefunga kamba, nimeomba Mungu. Niko na miaka ishirini na sita. Sitakomaa tena."

Nilishika mfuko wa maharagwe. Nilikuwa nimejiandaa kusikia majina ya wachimbaji na ya askari, na haya sikuwa nimejiandaa kuyasikia. Mwanamke aliyelelewa na masista angetoka nje ya depo wakati huo. Sikutoka.

Athanase hakumwonea huruma kwa sauti. Aliuliza kama anavyouliza mtu urefu wa mkono.

"Wale wengine unawaangalia toka wapi?"

"Toka pembeni. Toka mbele."

"Na yako unaiangalia toka wapi?"

"...Toka juu."

"Basi. Kitu ukikiangalia toka juu kinafupika. Angalia hii chupa ya mafuta. Iko juu ya meza, unaiona urefu wake yote. Sasa simama juu ya kiti, uiangalie. Unaona nini?"

Nilisikia kiti kinasogezwa. Kijana alipanda kweli, maana mbao za sakafu zililia.

"Naona kifuniko."

"Chupa ilikatwa?"

"Hapana."

"Sababu ya ile, fundi hapimi suruali amesimama. Anapiga magoti. Shuka, utavunja kiti yangu."

Hapo Hippolyte alicheka kidogo, kama mtu anayekohoa.

"Lakini walinicheka, Papa. Si macho yangu tu. Mara moja ku mto, asubuhi, maji ya baridi, mumoja alisema..."

"Asubuhi? Maji ya baridi?" Nilisikia anavuta kiti chake. "Kaa. Nitakuambia kitu ambacho ndugu yangu alikufa bila kukijua."

Nitaandika kama alivyosema, nikiacha sehemu alizorudia.

Mwaka wa 1951 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikwenda milima ya Kilo kutafuta kazi kwa kampuni moja ya madini. Alitaka kupata mahari. Alikuwa na mchumba kwao, aliyeitwa Kanyere. Asubuhi saa kumi na mbili, ukungu bado chini, waliwekwa mstari mmoja nje ya kibanda, watu arobaini, uchi kabisa, wangoje daktari. Walingoja saa mbili. Mlinzi mmoja mwenye koti nzito alikuwa anapita mbele yao na kifimbo. Alipofika kwa Athanase alisimama, akaelekeza kifimbo chini, akasema, "Huyu Mungu alimusahau." Mstari wote ulicheka.

"Walicheka batu arobaini," alisema Athanase. "Hakuna aliyejiangalia. Kila mutu alifurahi sababu kifimbo haikusimama kwake. Nilipata kazi ile. Nilifanya miezi nane, nikapata mahari yote. Na nikatuma neno kwetu kwamba simutaki tena Kanyere."

"Ulimwambia nini?"

"Nilisema nilisikia ana tabia mbaya. Uongo. Alilia mbele ya mama yangu. Aliolewa na mutu wa Lubero, wakazaa saba. Miye nikajifunza kushona, sababu fundi anaangalia miili ya wengine, hakuna anayeangalia yake."

Alikaa hivyo miaka kumi na saba. Mwaka wa 1968 aliumwa ngiri, akapasuliwa, na muganga mmoja mzee, muuguzi wa hospitali, akamwosha kidonda kila siku. Siku moja Athanase alimwomba amfanyie msaada, kama wanaweza kukuza na kile kingine. Mzee yule alicheka mpaka akaweka chini beseni. Akamwambia: nimeosha wanaume miaka thelathini, weye uko kama wengine. Athanase akamweleza ile asubuhi ya Kilo. Mzee akamuuliza: kulikuwa na baridi? Kulikuwa na baridi. Basi, akasema, baridi inawarudisha wote ndani, na woga pia. Yule mwenye kifimbo alikuwa amevaa koti. Angevua koti na suruali, angeona yake imekwenda wapi.

"Na kuzaa?" aliuliza Hippolyte.

"Nilimuuliza ile vilevile. Alisema ukubwa hauzai, na udogo hauzuii. Alisema batu wanatofautiana pale kama wanavyotofautiana pua, na hakuna mutu anaachana na mke juu ya pua."

"Na weye, Papa, kweli uko namna gani?"

"Miye? Miye niko kama suruali ya duka, ile kipimo ya katikati. Inaingia karibu kila mutu. Nilikuwa na miaka sabini na mbili ya kungoja kujua, nikajua ku miaka thelathini na nane. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzoea kulala peke yangu."

"Miaka sabini na mbili?"

"Ilikuwa kumi na saba, lakini ilikuwa mirefu hivyo."

Baadaye kijana aliuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo.

"Sasa juu ya nini unawawekea wengine pamba?"

"Sababu mutu akikuja na woga, nikimufukuza, ataenda kwa wale wa soko wanaouza dawa ya kupaka, itamuchoma ngozi. Namuwekea pamba. Namuambia kile nimekuambia. Mwezi ya kwanza anavaa. Mwezi ya pili anakuja, anasema Papa, hii inaniletea jasho, fumua. Nikifumua najua ameisha kusikia. Wawili tu hawajarudi."

"Usimuambie Mama Viviane."

"Mama Viviane?" Nilisikia anapiga meno yake kwa kucha, kama alivyofanya akifikiri. "Yule anafikiri tunashona dhahabu. Muache afikiri. Dhahabu ni aibu ndogo."

Niliondoka depo kwa miguu ya soksi.

Nilitaka kumwamini. Lakini usiku kucha nilimkagua tena, kwa desturi. Kwa nini amwambie kila mtu kwamba yuko kipimo cha katikati? Je, wote wanaweza kuwa katikati? Yule muganga mzee alikuwepo kweli, au ni maneno ambayo fundi huyatumia kama chaki, yafutike baadaye? Nilichojua ni hiki: barua yangu ilikuwa imekwisha kufika Butembo, na watu walikuwa tayari ndani ya lori.

Walifika Ijumaa wamejaa vumbi. Jumapili baada ya misa muzee Léon alikaa katika kiti cha mume wangu. Vahwere alikaa kando yake. Vahwere alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke wa sauti ya sokoni, na alikuwa bado na neno nami tangu mwaka wa 1974, nilipokataa mbele ya ukoo kurithiwa na ndugu yeyote wa marehemu. Nilisema siku ile kwamba mwanamke mwenye diploma hapitishwi kama ng'ombe. Hakunisamehe.

Léon alikuwa amechukua mwenyewe suruali moja kutoka nyuma ya pazia. Aliweka mezani, akafumua kifuko kwa kisu chake cha mfukoni, na pamba ikaanguka juu ya kitambaa changu cheupe cha meza.

"Paluku," alisema, "hii ni nini?"

"Ni pamba, muzee."

"Leo ni pamba. Juzi ilikuwa nini?"

"Pamba."

"Ya nani?"

"Muzee, sina neno ya kusema. Mukitaka nitoke, natoka kesho asubuhi."

"Utaenda wapi na ile jina?" aliuliza Vahwere. "Ku Butembo? Niko na duka ku Butembo. Utaniharibia hata ile?"

"Nitaenda mbali, dada."

Alisema hivyo akitazama mikono yake. Hakunitazama. Kama angesema neno moja, la kweli, angebaki. Na kesho yake mjini kungekuwa na kijana mmoja, halafu wawili, halafu Hippolyte, wakipita barabarani na watu wakitazama chini ya mikanda yao. Alikuwa amechagua. Muzee Léon alikunja kisu, na nilijua akishakunja kisu huwa anatoa hukumu.

"Muzee," nilisema, "nimekosea."

Wote waligeuka, na Athanase pia.

"Hakuna dhahabu. Haikuwako. Barua yangu ilikuwa ya bure, na ninaomba samahani kwa safari."

"Siku mbili mu lori," alisema Vahwere. "Siku mbili, mugongo yangu imevunjika, na weye unasema umekosea?"

"Ndiyo, wifi."

"Basi pamba ni ya nini?"

"Ni jambo la kazi yake."

"Wiki mbili ulikuwa haujui. Leo unajua. Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu."

"Hakuna mutu! Basi uliona na macho yako. Uliona wapi? Wakati gani?"

Vahwere alinitazama, akamtazama kaka yake, akanitazama tena. Nilimwona anafika pale alipokuwa anafika, na sikuwa na njia ya kumzuia isipokuwa kusema ukweli wa pamba, na hiyo nilikuwa nimeikataa. Akaanza kucheka, si kwa furaha.

"Kumbe. Kumbe ni hivyo. Mwanamuke anashitaki mwanaume, halafu anamutetea kabla hukumu haijatoka. Ile si dhahabu, muzee. Ile ni magomvi ya kitanda. Ulikataa ndugu yangu mbele ya batu, Scholastique, ukatutukana na diploma yako, halafu unamuchukua nyuma ya nyumba bila mbuzi hata mumoja!"

"Dada, hapana!" Athanase alisimama. "Hakuna kitu kama hiyo. Nitasema, nitasema yote, pamba ni ya..."

"Kaa chini, bwana shemeji," nilisema.

Nadhani sijawahi kutumia sauti ile nje ya darasa. Alikaa.

Ningeweza kuapa. Padri alikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Lakini kila kiapo kingerudisha lile swali: basi pamba ni ya nini? Nilikaa wima, nikaweka mikono magotini, nikamwacha Vahwere amalize. Alimaliza baada ya muda mrefu. Muzee Léon alinitazama kwa namna ambayo haijawahi kuniacha, ya mtu aliyekuwa anakuheshimu na sasa anafanya hesabu nyingine.

"Anabaki?" aliniuliza.

"Anabaki."

Walirudi Butembo Jumanne. Neno lilikuwa limekwisha kupanda lori kabla yao, na lingine lilibaki Bunia. Wanawake wa chama cha akina mama parokiani walianza kunyamaza nikifika. Mlango wetu watu waliendelea kuusalimia, lakini sasa walichungulia ndani kwanza. Sikumwambia Athanase kwamba nilisikiliza, naye hakuniuliza kamwe kwa nini nilibadili neno. Mpaka alipokufa sikujua kama alijua.

Hippolyte hakwenda Epulu wala Kisangani. Siku ya arusi, kanisani, Vahwere alijipa kazi ya kupanga watu kwenye mabenchi, maana hakuwa mtu wa kukaa nyumbani kwa ajili ya hasira. Kwenye benchi la mbele, upande wa mama wa bibi arusi, aliacha nafasi ya baba. Alimshika Athanase mkono mbele ya kanisa zima, akamleta, akamketisha hapo kando yangu, akatabasamu.

Nyuma yetu kulikuwa na mnong'ono kama wa nyuki. Niligeuka. Nilimtazama mama wa kwanza mpaka akafungua kitabu chake cha nyimbo, nikamtazama wa pili, nikamtazama wa tatu. Benchi la nne lilifungua vitabu bila kungoja.

Athanase aliinama kidogo kwangu. Alikuwa ametokwa na jasho mpaka kwenye kola.

"Mama Viviane, nihame?"

"Kaa hapo, bwana shemeji," nilimwambia. "Ukihama wataanza kuuliza tena habari ya pamba."